Sahihi ya Mzee Mithika

Pale Kanyakine jina la Mithika halikutamkwa likiwa tupu. Kanisani, sokoni na kwenye mikutano ya wakulima wa kahawa aliitwa Injinia Mithika, na watoto walidhani Injinia ndilo jina alilobatizwa. Yeye ndiye aliyeujenga ukumbi wa kanisa. Yeye ndiye aliyeyashusha maji ya mto kwa mabomba hadi shule ya msingi, na ndiye aliyeweka daraja la saruji mahali ambapo zamani watu walivuka juu ya magogo huku wakimwomba Mungu. Hakuna aliyewahi kuuliza alisomea wapi. Daraja lilikuwapo, maji yalikuwapo, na mwenyewe alikuwa na kofia nyeupe ya kazi aliyoiweka nyuma ya gari lake ili kila anayepita aione.

Kwa hiyo Peninah Karwirwa alipohitimu uhandisi wa ujenzi, wa kwanza kufika huko katika kijiji chao, hapakuwa na shaka ni nani angemshika mkono. Mithika ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa harambee iliyomlipia karo ya chuo kikuu. Mithika ndiye aliyesimama mbele ya waumini siku ya shukrani, akamwinua mkono binti huyo kama mwamuzi anavyomwinua mwanamasumbwi, akasema, "Sasa tuna mainjinia wawili."

"Bado, mzee," Karwirwa alisema. "Mimi bado."

Watu walicheka na kupiga makofi. Walidhani ni adabu.

Haikuwa adabu, ilikuwa sheria. Karwirwa alikuwa ameijua sheria hiyo katika mwaka wake wa mwisho chuoni, na aliishika kama wengine wanavyoishika katekisimu. Anayehitimu si mhandisi. Huomba kwanza kusajiliwa na bodi kuwa mhandisi mwanagenzi, kisha hufanya kazi kwa miaka mitatu chini ya mhandisi aliyesajiliwa, kisha hupimwa, na akifaulu ndipo huitwa kwa jina hilo. Na hata huo uanagenzi haupewi bure. Fomu ya maombi hutaka wadhamini wawili, nao sharti wawe wahandisi waliosajiliwa, kila mmoja aandike namba yake na kutia sahihi kwamba anamfahamu mwombaji na kazi yake.

Alimweleza mama yake hayo yote jikoni, wakimenya ndizi. Mukiri alikuwa mjane mwenye migomba na kahawa kidogo, mwanamke wa maneno machache. Alisikiliza hadi mwisho kisha akasema, "Kwa hiyo ulisoma miaka yote hiyo, na sasa unatafuta watu wa kusema kwamba ulisoma."

"Wa kusema kwamba najua kazi, mama."

"Si ndiyo hiyo shahada ilikuwa ya kusema?"

Karwirwa aliendelea kumenya.

Na haraka alikuwa nayo. Huko Kanja, upande wa Embu, palikuwa na mradi wa kuteremsha maji kutoka msituni hadi kwenye mashamba ya wakulima wadogo, na mhandisi wa mradi huo, bwana mmoja mchangamfu aitwaye Gichovi, alikuwa amemhoji akampenda. "Nafasi ya mwanagenzi ni yako," alimwambia. "Ila wafadhili wetu hawataki mtu asiye na namba ya bodi. Ikifika mwisho wa Juni na sina namba yako, nitamchukua mwingine, na usinilaumu." Kisha akaiweka fomu juu ya boneti ya gari, akajaza sehemu ya mdhamini wa kwanza huku akizungumza na simu, akamrudishia.

Mdhamini wa pili ndiye aliyekuwa taabu. Mhadhiri aliyemsimamia chuoni alikuwa amekwenda ng'ambo kusoma na hakujibu barua pepe. Wahandisi waliosajiliwa walikuwa wengi Nairobi, wachache mjini Meru, na Kanyakine, kwa kadiri Karwirwa alivyojua, alikuwapo mmoja.

"Unahangaika kutafuta nani," Mukiri alisema, "na Mithika yuko hapa ng'ambo ya shamba? Ukienda kwa mtu mwingine atasikia. Atauliza amekukosea nini."

Walikwenda siku ya Jumamosi, kwa sababu kwa mtu kama Mithika haikufaa kupita tu njiani. Mukiri alibeba mkungu wa ndizi na kuku mmoja. Mke wa Mithika aliwapikia chai, wazee wawili wa kanisa wakaitwa kutoka jirani, na kabla ya fomu kufunguliwa yaliombwa maombi marefu kwa ajili ya barabara, madaraja na watoto wanaowakumbuka wazazi wao. Sahihi ilitolewa kama mchango wa harambee unavyotolewa: mbele ya mashahidi, kwa moyo mkunjufu, kwa kumpenda mtoto. Mithika aliandika "Inj." mbele ya jina lake, akatia sahihi kubwa yenye mkia, kisha akatoa muhuri wake mwenyewe kwenye droo akaugonga kwa nguvu hata vikombe vikalia.

Karwirwa aliitazama karatasi. Mahali pa namba ya usajili palikuwa patupu.

"Mzee, hapa..."

"Hiyo wataijaza wenyewe kule," Mithika alisema, akiifunika kalamu kwa kizibo chake. "Nairobi wananijua tangu wewe hujazaliwa, mwari."

Wazee wakacheka. Mukiri alimtazama binti yake kwa jicho ambalo kila mtoto wa Kanyakine analijua, jicho linalosema unywe chai yako. Nani angemwuliza mtu aliyeita kijiji kizima kikusomeshe, akiwa nyumbani kwake, mbele ya wageni wake, akuonyeshe namba? Mahali pengine labda huulizwa. Kanyakine mtoto haulizi. Karwirwa akanywa chai yake.

Fomu aliituma vivyo hivyo. Bodi ilikaa kimya hadi Mei ikawa inaelekea ukingoni, kisha ikamwita. Alisafiri hadi Nairobi, akapanga foleni, na zamu yake ilipofika akakutana na karani kijana aliyevaa tai iliyolegea, ambaye alizungumza naye bila kuinua macho.

"Mdhamini wako wa pili hayumo katika rejista."

"Labda ni jina. Huandikwa kwa namna mbili."

"Nimelitafuta kwa namna zote. Si kwamba ameacha kulipa ada. Hajawahi kuwamo." Hapo ndipo karani alipomtazama. "Huyu mtu anafanya kazi gani huko kwenu?"

Karwirwa aliikumbuka kofia nyeupe nyuma ya gari. Aliliona daraja. Aliona watoto wakilivuka.

"Anajenga," alisema.

"Basi chukua fomu yako. Utaandika maelezo jinsi ulivyompata na jinsi alivyojitambulisha kwako, na utaleta mdhamini mwingine. Maelezo ni ya lazima. Ukiandika uongo na ukajulikana, hutasajiliwa hapa kamwe."

"Na ningejuaje kama yumo au hayumo? Rejista yenyewe inaonekana wapi? Mnayo ofisi Meru? Mnayo Embu? Mtu akitaka kujua kama anayemjengea shule ni mhandisi au si mhandisi, apande basi aje apange foleni hii?"

Waliokuwa nyuma yake wakaguna kwa kukubaliana naye.

"Dada," karani alisema taratibu, "mimi ni wa kaunta tu."

Siku iliyofuata Karwirwa alikwenda kwa Mithika peke yake, asubuhi, mikono mitupu. Alimkuta nyuma ya nyumba akipanga nondo zilizoletwa na lori. Alimwambia yote kama yalivyokuwa. Alitarajia mzee aone haya, na tangu Nairobi alikuwa akiyatayarisha maneno ya kumpunguzia haya hiyo. Mithika hakuona haya. Alikasirika.

"Daraja limeanguka?"

"Halijaanguka, mzee."

"Ukumbi je? Una ufa?"

"Hauna."

"Nilikuwa inspekta wa barabara wizarani maisha yangu yote. Mainjinia wao walikuwa wakija na gari saa nne, wanauliza, 'Mithika, hapa tufanyeje?' Nilipostaafu watu wakaanza kuniita injinia. Ningewaziba midomo?"

"Ungewaambia bado."

"Bado?" Mithika alicheka bila furaha. "Bado ni yako wewe, mtoto wa juzi. Mimi bado yangu ingekuwa mpaka kaburini."

Karwirwa aliziangalia nondo. "Hizi ni za nini?"

"Tangi la shule. Kaunti imenipa kazi. Litakaa juu ya nguzo, pale nyuma ya madarasa, maji yashuke yenyewe."

"Nani amepiga hesabu za nguzo?"

"Mimi."

"Na nani amezikagua hizo hesabu?"

"Mungu," Mithika alisema, na mara hiyo akacheka kwelikweli, kwa kuwa alikuwa mcheshi na utani huo ulikuwa umempendeza mahali pengi. Alipoona binti hacheki, alisogea karibu na kushusha sauti. "Sikiliza, mwari wangu. Andika kwamba ulikosea wewe. Ulidhani wanataka mtu wa kushuhudia tabia yako, ukaniletea mimi, na hilo 'Inj.' uliliandika wewe mwenyewe kwa kutojua. Ni kosa dogo la mtoto. Watakukaripia, utaleta mwingine, mambo yameisha. Ukiandika vinginevyo, wataandikia kaunti."

Nyumbani Mukiri alikuwa amekwisha kuyajua, maana Mithika alikuwa na simu.

"Alikulipia karo," Mukiri alisema.

"Alichanga kama wengine walivyochanga."

"Yeye ndiye aliyewaita. Bila kuitwa na yeye wangekuja? Kwa mjane?" Aliendelea kupepeta maharagwe, ungo ukipanda na kushuka. "Siku ile mimi sikuwa na la kusema mbele za watu. Yeye alinisemea."

Hilo lilikuwa kweli, na ndilo lililomuuma Karwirwa kuliko hasira yote ya Mithika. Angekuwa mwovu, kalamu ingekuwa nyepesi. Lakini hakuwa mwovu. Alikuwa mtu mwema aliyekubali kuvishwa vazi lisilo lake kwa sababu wote waliokuwapo walitaka kumwona amelivaa. Sasa alikuwa karibu kupandisha maji mazito juu ya vichwa vya watoto, akiwa na hesabu ambazo hakuna mwingine aliyezitazama. Na kijiji kizima kilikuwa kimefundishwa kwamba kuuliza ni utovu wa adabu. Adabu gani hiyo? Karwirwa alijiuliza akiwa kitandani, akiitazama dari. Adabu inayomwachia mtu mzima ajidanganye, na mtoto akae chini ya tangi?

Aliandika maelezo mafupi. Aliandika kwamba Mzee Mithika alijaza sehemu yake kwa mkono wake mwenyewe akijiita mhandisi, kwamba namba aliiacha wazi, kwamba yeye mwombaji aliliona pengo hilo na hakuuliza, na kwamba alipaswa kuuliza. Akaongeza mstari kuhusu tangi la shule, akaomba hesabu zake zikaguliwe kabla ya nguzo kusimamishwa. Kabla ya kuyatuma alipitia kwa Mithika, akamsomea yote langoni, neno kwa neno, ili asije akayasikia kwa wengine. Mzee alisikiliza huku ameshika komeo. Karwirwa alipomaliza, mzee akalifunga lango polepole, kama mtu anayefunga baada ya mgeni kuondoka.

Kaunti ilisimamisha kazi ya tangi. Mhandisi mmoja alitumwa kuzikagua hesabu, na hadi watu walipochoka kumngoja hakuwa amefika, kwa hiyo nondo zikaota kutu na shule ikaendelea kuteka maji kwa madebe. Hilo nalo liliwekwa juu ya kichwa cha Karwirwa. Kwenye kiwanda cha kahawa wanawake walimsogelea Mukiri foleni. "Mama Karwirwa," mmoja alimwambia kwa sauti ya kusikika hadi kwenye mizani, "mwambie injinia wako atuletee basi maji, maana wa kwetu amemfunga mikono." Mukiri alimwaga kahawa yake, akachukua risiti, akaondoka. Hakumwambia binti yake. Karwirwa aliyasikia kwa wengine.

Alianza kutafuta mdhamini mwingine. Mjini Meru palikuwa na mhandisi aitwaye Kaberia, mwenye ofisi ya vioo na simu isiyonyamaza. Karwirwa alimpigia, akajieleza, akasikia kicheko upande wa pili.

"Wewe ndiye yule wa Kanyakine? Uliyemshtaki mzee wako?"

"Sikumshtaki. Niliulizwa nikajibu."

"Mimi nikikutilia sahihi, na siku moja nikikosea kijiko cha saruji, utaulizwa na nani ukajibu?" Kaberia alikuwa anajifurahisha, na palikuwa na watu ofisini mwake waliokuwa wakifurahi pamoja naye. "Hapana, dada yangu. Mimi nataka kulala usingizi."

Mwingine alisema angefikiri, akaacha kushika simu. Mwingine alikuwa tayari, endapo Karwirwa angemchorea michoro mwaka mzima bila malipo. Juni ikaisha. Gichovi alipiga simu mwenyewe, jambo ambalo wengi wasingelifanya, akasema ameshampata kijana mwingine, mwenye namba.

"Alipataje wadhamini?" Karwirwa aliuliza.

"Mjomba wake ni mhandisi," Gichovi alisema. "Kuna mama mmoja huku chini, upande wa Mbeere. Wawira. Anachimba silanga za kukinga maji ya mvua. Ni mgumu, lakini mwendee."

Kutoka Kanyakine hadi kwa Wawira ni kuteremka kutoka migombani hadi mahali ambapo hata mbuzi hutafuta kivuli. Karwirwa alimkuta mwanamke mnene mwenye kofia ya ukindu, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa ukingoni mwa shimo kubwa jekundu. Wawira aliisoma fomu yote, pamoja na maelezo kuhusu Mithika ambayo Karwirwa alikuwa amebaki na nakala yake. Alipofika mwisho alirudi mwanzo.

"Huyu Gichovi amekujua tangu lini?"

"Tangu siku aliyonihoji."

"Alikuona ukifanya kazi?"

"Tulizungumza tu."

"Basi yeye na mzee wako wamefanya jambo lile lile. Huyu ana namba, yule hana. Lakini wote wawili wameandika kitu wasichokijua." Alimrudishia karatasi. "Pengo la namba uliliona. Hili hukuliona?"

Karwirwa aliitazama upya sahihi ya Gichovi. Hakuwa ameliona. Alikuwa akihangaika na fomu hiyo tangu mwezi wa tatu, amehesabu makosa ya kila mtu katika njia hiyo, ya Mithika, ya bodi, ya kijiji, ya Kaberia, na hata mara moja hakuwa ameitazama sahihi iliyotiwa juu ya boneti, kwa sababu hiyo ilikuwa imemfaa.

"Nimetembea ofisi zote za Meru," alisema kwa hasira. "Nimesema kweli, na kweli imeninyima kazi, imemtenga mama yangu na watu. Sasa nimekuja kwako unaniambia hata aliyenisaidia amekosa. Kwa hiyo nianze upya?"

"Hujaanza," Wawira alisema, wala hakuwa amekasirika. "Mimi nikitia sahihi, maana yake nimemwona huyu mtu akipima, akikosea, akirekebisha. Sijakuona. Nina nafasi ya kusimamia vipimo. Malipo ni ya kibarua, siwezi kukudanganya. Nikishakuona, nitaandika nilichokiona. Kama hufai nitaandika hufai."

"Na itachukua muda gani?"

"Itategemea unavyojua kazi."

Karwirwa aliikunja fomu. Alifikiri kuhusu kijana wa Kanja na mjomba wake. Alifikiri kuhusu mama yake, ambaye angepaswa kuelezwa kwamba binti mwenye shahada amekwenda kupata ujira wa kibarua katika vumbi la Mbeere, na maneno yatakayosemwa kiwandani habari hiyo itakapofika. Hakuwa na furaha yoyote. Alikuwa na uchovu, na chini ya uchovu ule hasira isiyo na wa kuangukia, kwa maana mwanamke huyu wa juu ya ndoo ndiye mtu wa kwanza katika safari yote hiyo aliyemwambia jambo ambalo sheria yenyewe ilikusudia.

"Kifaa cha kupimia kiko wapi?" aliuliza.

Alipewa kifaa chenyewe pamoja na miguu yake mitatu, na kibarua mmoja aitwaye Njagi wa kumshikia rula ndefu. Kazi ilikuwa kupima mwinuko wa tuta lote la silanga, kutoka kigingi cha kwanza hadi cha mwisho na kurudi; naye mpimaji akirudi alikoanza, hesabu hutakiwa irudi kwenye tarakimu ile ile aliyoondoka nayo. Walizunguka tuta lote. Jua lilipokuwa juu ya vichwa Karwirwa aliketi chini, akajumlisha, akaona hesabu haikurudi. Tofauti ilikuwa ya upana wa kiganja. Alijumlisha tena, ikawa ile ile.

Wawira alikuja, akaangalia juu ya bega lake, akaangalia na mahali ambapo miguu ya kifaa ilikuwa imezama katika udongo uliomwagwa juzi.

"Rudia," alisema, akaenda zake.

Njagi alikuwa tayari amejilaza chini ya mgunga, kofia usoni. "Dada," alisema bila kuiondoa, "kiganja tu hicho. Maji yatajua kiganja?"

"Maji ndiyo yanayojua. Inuka."

"Jua hili lote, na tunarudi?"

"Tunarudi," Karwirwa alisema. Alikuwa ameshaitweka miguu mitatu begani, na alikuwa akitembea kuelekea kigingi cha kwanza, akifuata safari hii ukingo mgumu, pasipozama miguu ya kifaa.